Kiwelisi Kati ya Hakimu na Mhubiri

Magharibi ya kisiwa cha Britania kulikuwa na lugha mbili ndugu, tumbo moja: Kiwelisi, na lugha ya rasi ya Cornwall iliyo kusini yake. Lugha ya Cornwall ilizimika karne ya 18 ikielekea ukingoni. Kiwelisi kipo. Sensa ya 2021 ilikuta wasemaji wake 538,000 hivi ndani ya Welisi, chini kidogo ya mtu mmoja kwa kila watano. Waulize Wawelisi sababu, na wengi watakutajia mwaka 1588, ambapo kasisi William Morgan alichapisha Biblia nzima kwa lugha yao. Nyumba aliyozaliwa, Tŷ Mawr katika bonde la Wybrnant, inatunzwa hadi leo na watu huenda kuizuru.

Wapo wanaokataa simulizi hiyo. Wao wanasema dola iliyoruhusu Biblia ndiyo ileile iliyokuwa imekinyang'anya Kiwelisi mahakama miaka 52 kabla yake, na kwamba lugha iliyoachiwa mimbari peke yake haikuokolewa, ilitengewa tu mahali pa kuzeekea. Hoja zote mbili zinastahili kupimwa kwa uangalifu, maana kila moja imesimama juu ya mambo ya kweli. Mimi naegemea upande wa Biblia, ila kwa sababu tofauti na zile zinazotolewa kwa kawaida.

Tuanze na sheria iliyokinyang'anya Kiwelisi mahakama. Ilipitishwa mwaka 1536 chini ya Henry VIII, mfalme ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Penmynydd, kisiwani Anglesey, kaskazini mwa Welisi. Baba huyo, Henry VII, alishuka karibu na Milford Haven Agosti 1485, akakatiza Welisi akikusanya watu chini ya bendera ya joka jekundu, akatwaa taji katika vita vya Bosworth. Kwa vizazi malenga wa Kiwelisi walikuwa wametabiri kwamba atatokea mwana wa kuwarudishia watu wake heshima, na wengi waliamini ndiye huyu. Mwanawe sasa akaiunganisha Welisi na Uingereza moja kwa moja. Nchi nzima ikagawanywa wilaya za mtindo wa Kiingereza, ikapata wabunge London, ikawekwa chini ya sheria za Kiingereza. Utangulizi wa sheria ulilalamika kwamba watu wa Welisi husema kila siku lugha isiyofanana wala kupatana na lugha mama ya ufalme. Kifungu kimoja kikaamuru kwamba mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza, na kwamba mtu atumiaye Kiwelisi asipate cheo wala malipo ya kazi ya serikali mpaka atumie Kiingereza. Wakati huo Welisi ilikuwa na watu karibu robo milioni, na wengi wao hawakujua lugha nyingine yoyote.

Wanaoitetea sheria hii wana mengi ya kusema, na si haki kuyapuuza. Bwana wa Kiwelisi Owain Glyndŵr alipoanzisha uasi, mfalme Henry IV alikuwa ametunga mnamo 1401 na 1402 sheria za kuwaadhibu Wawelisi kama taifa zima: wasishike vyeo, wasinunue ardhi katika miji ya Kiingereza. Muungano wa 1536 uliwapa haki sawa na Waingereza mbele ya sheria. Tena mashariki na kusini ya nchi yalikuwepo maeneo ya mabwana wa mpakani, kila bwana na sheria yake, mwizi akitoka eneo moja na kuingia la pili ameshapona. Hayo yakafutwa. George Owen wa Henllys, mwenye ardhi wa Pembrokeshire aliyeandika mwishoni mwa karne ya 16, aliusifu utaratibu mpya kwa moyo wote, naye alikuwa Mwelisi anayeipenda nchi yake. Zaidi ya hapo, kifungu cha lugha hakikumkataza mtu kusema Kiwelisi nyumbani, sokoni wala shambani. Mahakimu wa amani, wale wenyeji wenye mali waliosikiliza kesi ndogondogo, wengi walikuwa wasemaji wa Kiwelisi.

Haya yote ni kweli. Lakini tazama kifungu kile kilifanya nini taratibu, bila kelele. Kiliiondoa lugha mahali penye mkate. Baba mwenye ardhi aliyetaka mwanawe awe hakimu, mwanasheria au mkuu wa wilaya alijua la kufanya: ampeleke shule Uingereza. Sheria ya 1543 ikaongeza uzito, kwa kuwa ilifuta desturi ya Kiwelisi ya kuwagawia wana wote ardhi ya marehemu, ikaweka ile ya Kiingereza ya mwana wa kwanza kurithi. Koo chache zikanenepa, na zilivyonenepa zikaanza kuolewa na kuoa Uingereza. Hata majina yalibadilika. Mwelisi alikuwa akijiita kwa baba, babu na babu wa babu, akiunganisha kwa neno "ap", yaani mwana wa. Husimuliwa kwamba Rowland Lee, askofu aliyetawala Welisi kwa niaba ya mfalme, alichoshwa na orodha ndefu ya jina la bwana mmoja, akamwamuru atumie jina la nyumba yake, Mostyn, yaishe. Iwe ilitokea hivyo au la, mwelekeo ulikuwa huo: ap Hywel akawa Powell, ap Rhys akawa Price, ap Harri akawa Parry.

Na mtu wa chini? Mahakama Kuu za Welisi zilizoundwa 1543 zilidumu mpaka 1830. Katika miaka yote hiyo mkulima wa wilaya ya Meirionnydd aliyeshitakiwa kwa wizi wa kondoo, kosa ambalo lingeweza kumfikisha kwenye kitanzi, alisikiliza kesi yake kwa lugha ya kigeni. Ushahidi wake ulipita kinywani mwa mkalimani. Kuna jambo moja katika kumbukumbu za mahakama hizo ambalo hunigusa sana. Katika kesi za kuchafuliwa jina, sheria ilitaka tusi liandikwe kama lilivyotamkwa. Karani akaandika kila kitu kwa lugha ya mahakama, akafika kwenye tusi, akalazimika kuandika Kiwelisi. Mtu akiitwa "lleidr", mwizi, mbele ya majirani zake, neno lake limo mle hadi leo. Mahakama ilikubali Kiwelisi kama kielelezo cha kosa, ikakikataa kama lugha ya haki.

Hadi hapa wapinzani wa simulizi ya 1588 wana nguvu. Sasa tuje kwenye Biblia.

Mwaka 1563 Bunge lilelile la Kiingereza liliagiza maaskofu wanne wa Welisi, pamoja na yule wa Hereford, wahakikishe Biblia na Kitabu cha Sala vimefasiriwa kwa Kiwelisi kabla ya tarehe 1 Machi 1567, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Daudi, msimamizi wa Welisi. Dola iliyokitupa Kiwelisi nje ya mahakama inakirudisha kwa mlango wa kanisa: kwa nini? Hofu ndiyo iliyoisukuma. Imani mpya ya Kiprotestanti ilihubiriwa kwa Kiingereza kwa watu wasiokijua, na watu wasioelewa hubaki na walichorithi. Wakatoliki nao walijua thamani ya lugha ya watu. Richard Gwyn, mwalimu wa shule aliyenyongwa Wrexham mwaka 1584 kwa ajili ya imani yake, aliandika mashairi ya Kiwelisi ya kuwatetea wenzake. Muda mfupi baadaye, kundi la Wakatoliki lilijificha katika pango la Rhiwledyn karibu na Llandudno na kuchapa humo kitabu cha Kiwelisi, cha kwanza kuchapwa katika ardhi ya Welisi. Uvamizi wa Hispania ulikuwa ukitazamiwa. Ufalme ulihitaji roho za Wawelisi, na roho hazikufikika kwa Kiingereza.

Lakini sheria hiyo ya 1563 ilikuwa na kifungu kingine ambacho simulizi ya fahari hukiruka. Iliagiza kila kanisa liweke Biblia ya Kiingereza kando ya ile ya Kiwelisi, ili wajuao kusoma wailinganishe na ya kwao na kwa njia hiyo wajifunze Kiingereza. Waliotunga sheria waliiona Biblia ya Kiwelisi kama ngazi ya kukipandia Kiingereza. Kwa hiyo anayesema dola iliiokoa lugha kwa makusudi amekosea. Na anayesema Biblia ilikuwa sehemu ya mpango wa kuimaliza lugha ana ushahidi wa maandishi mkononi.

Mpango huo haukutimia. Kwa nini haukutimia ndilo swali lenyewe, na jibu lake linaanza kwa malenga.

Ushairi wa Kiwelisi ulikuwa na chama chake kama mafundi wengine. Mwanafunzi alikaa kwa mwalimu miaka mingi, akajifunza nasaba za koo kubwa, sarufi, na bahari 24 za ushairi. Juu ya hayo kulikuwa na "cynghanedd", kanuni iliyodai konsonanti za nusu ya kwanza ya mshororo zirudi kwa mpangilio uleule katika nusu ya pili, au vina vigongane ndani ya mshororo mmoja. Aliyezoea vina na mizani atakisia ugumu wake. Katika miaka ya 1560, kwa idhini ya Malkia Elizabeth I, malenga na wapiga kinubi walikusanyika katika mji wa Caerwys kutahiniwa. Waliofaulu walipewa vyeti, wengine waliambiwa waende wakatafute kazi nyingine, na zawadi kuu ilikuwa kinubi kidogo cha fedha kilichokuwa mikononi mwa ukoo wa Mostyn. Huo ulikuwa mkutano wa mwisho wa aina yake. Mabwana waliowalisha malenga walianza kusikiliza London zaidi kuliko kinubi.

Malenga hao waliacha hazina ambayo haikuwa ya kaskazini wala ya kusini. Kwa karne nyingi walikuwa wametembea kutoka nyumba hadi nyumba, nchi nzima, wakitunza Kiwelisi sanifu kilichoeleweka kila mahali. William Salesbury, aliyefasiri sehemu kubwa ya Agano Jipya la 1567 akisaidiwa na Askofu Richard Davies na Thomas Huet, hakuitumia hazina hiyo ipasavyo. Alikuwa msomi mkubwa, ila alitaka maneno yaonyeshe asili yake. Katika Kiwelisi herufi ya mwanzo ya neno hubadilika kufuatana na lililotangulia: "pen" ni kichwa, "fy mhen" ni kichwa changu, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili anayesema ulimi na kisha ndimi hawezi kulishangaa. Salesbury mara nyingi aliandika herufi ya asili hata pale ambapo kila mdomo ulitamka nyingine, na tahajia yake akaivuta ifanane na Kilatini. Msomaji alikwama, na wasikilizaji wakakwama naye.

Morgan aliliona kosa hilo. Akiwa kasisi wa Llanrhaeadr-ym-Mochnant, parokia ya milimani ambako aligombana na wakubwa wa mahali hadi kufikishana mahakamani, alifasiri Agano la Kale kutoka Kiebrania na kulisahihisha Agano Jipya la Salesbury. Wakati wa kuchapa alihamia London, akakaa nyumbani kwa Gabriel Goodman, mwana wa Ruthin aliyekuwa mkuu wa kanisa la Westminster, kwa sababu wapanga herufi wa London hawakujua neno la Kiwelisi. Lugha aliyoiandika ni ile ya malenga, imevuliwa vito vya ushairi na kuvikwa nguo ya kila siku. Chama cha malenga kilikuwa kinakata roho, na lugha yao ikapata makao mengine wakati uleule.

Katika miaka hiyohiyo ya 1580 palikuwa na majibizano makali ya kishairi, tungo 54 kwa jumla, kati ya Edmwnd Prys, kasisi msomi wa Cambridge, na Wiliam Cynwal, malenga mwenye cheti. Prys alimtaka Cynwal na wenzake waache kuwasifu matajiri kwa ujira, waandike elimu, Maandiko na mambo ya kweli. Cynwal alimjibu kwamba Prys hana shahada ya ushairi, amejiingiza katika fani asiyofunzwa. Majibizano yalikoma Cynwal alipofariki. Ukisoma habari hizi leo ni rahisi kumpa ushindi Prys, kwa kuwa wakati ulikuwa upande wake. Mimi huwa nasimama kidogo kwa Cynwal. Alikuwa akitetea fani yenye mashairi ya mapenzi, mizaha, karamu, maombolezo na historia, lugha ikiwa na vyumba vyake vyote. Prys alishinda, na mwaka 1621 akatoa zaburi zote kwa mashairi mepesi ambayo hata asiyejua kusoma angeweza kuyaimba. Nyumba ikapata ukumbi mkubwa wa ibada, na baadhi ya vyumba vikafungwa.

Je, Biblia ndiyo iliyoleta tofauti kati ya Welisi na Cornwall? Watu wa Cornwall waliasi mwaka 1549 Kitabu cha Sala cha Kiingereza kilipoletwa, wakisema baadhi yao hawakijui Kiingereza. Walishindwa, hawakufasiriwa chochote, na lugha yao ikafa. Mfano huu hutajwa mara nyingi, na ungetosha kama ungekuwa peke yake. Sasa tazama kisiwa cha Man. Kilipata Biblia nzima ya lugha yake miaka ya 1770, na bado mzee wa mwisho aliyekua akiizungumza alifariki mwaka 1974. Ireland ilikuwa na Agano Jipya la Kieire tangu mwanzoni mwa karne ya 17 na Agano la Kale tangu 1685, lakini vilikuwa vitabu vya dini ya watawala, wengi hawakuvigusa, na lugha ikarudi nyuma. Wabretoni wa Ufaransa, ndugu wengine wa Wawelisi, waliingia karne ya 19 bila Biblia yao kuchapwa, nao walikuwa wakiizungumza lugha yao kwa wingi chini ya mapadre Wakatoliki. Kwa hiyo kuchapa Biblia hakutoshi. Lazima iwe mikononi mwa watu, na watu waitake.

Hapo ndipo Welisi ilipotofautiana na wengine, na haikutokea 1588. Biblia ya Morgan ilikuwa kitabu kikubwa cha kuwekwa kanisani, na nakala hazikuzidi sana 1,000. Mwaka 1620 ilirekebishwa na Askofu Richard Parry pamoja na John Davies wa Mallwyd, mwanasarufi aliyeijua lugha ya malenga kuliko mtu yeyote wa zama zake. Mwaka 1630 wafanyabiashara Wawelisi wa London, Rowland Heylin na Thomas Myddelton miongoni mwao, walilipia toleo dogo lililouzwa shilingi tano, fedha nyingi bado, ila kitabu kikaanza kuingia majumbani.

Kisha mwaka 1731 kasisi Griffith Jones wa Llanddowror alianzisha shule za kuhama. Mwalimu alifika kijijini majira ya baridi, kazi za shamba zikiwa zimepungua, akafundisha miezi mitatu kanisani au ghalani, akaenda kijiji kingine. Watoto walisoma mchana, wazazi na vibarua usiku. Alifundisha kusoma tu, na alifundisha kwa Kiwelisi. Waliomlaumu walisema afundishe Kiingereza, naye akawajibu kwamba miezi mitatu inatosha mtu kujifunza kusoma lugha anayoijua tayari, na haitoshi kwa lugha asiyoijua. Alipofariki mwaka 1761 shule zilizowahi kufunguliwa zilizidi 3,000, na waliopita humo hawakupungua 150,000, katika nchi ya watu wasiofika nusu milioni. Bridget Bevan, mwanamke tajiri aliyekuwa mfadhili wake, aliziendeleza mpaka alipokufa naye mwaka 1779. Welisi ikawa miongoni mwa nchi za Ulaya zenye wasomaji wengi wakati ule, na wasomaji hao walikuwa wapasua kuni na wakamuaji wa ng'ombe.

Ndiyo maana nasema naegemea upande wa Biblia kwa sababu tofauti. Sheria ya 1563 ilitaka watu wasome vitabu viwili na kuhamia cha Kiingereza. Watu wakasoma kimoja. Walioiokoa lugha ni wale waliokaa usiku ghalani wakifuatisha herufi kwa kidole, na Morgan alikuwa amewawekea kitu kinachostahili usiku huo.

Gharama ilikuwepo, na watetezi wa 1588 huipitia haraka mno. Katika karne ya 18, Methodisti walipowasha moto wa uamsho, nyimbo za tenzi zilistawi kwa ajabu, ila kinubi na ngoma za vijijini vilitazamwa kama njia ya upotevu. Edward Jones, mpiga kinubi mashuhuri, alilalamika mwaka 1802 kwamba wahubiri walikuwa wamewashawishi watu kuacha furaha zao za asili. Lugha haikufungiwa kanisani kabisa: kalenda za Kiwelisi zilizotolewa na Thomas Jones kuanzia 1680 ziliuzika sana, na Twm o'r Nant alizunguka na michezo yake ya kuchekesha, akiigiza juu ya mkokoteni na kuwachamba mawakili na watoza kodi. Lakini hati ya ardhi, mkataba, wosia wa tajiri, kitabu cha hesabu, hukumu, vyote vilikuwa Kiingereza. Kizazi baada ya kizazi, Mwelisi alijifunza kwamba lugha yake ni ya kumwambia Mungu na mama yake, na nyingine ni ya kumiliki kitu. Vifungu vya 1536 kuhusu lugha havikuondolewa kikamilifu hadi karne ya 20, na wakati huo mazoea yalikuwa yameshaota mizizi kuliko sheria.

Mwaka 1800 msichana wa miaka 15, Mary Jones, binti wa mfumaji wa Llanfihangel-y-Pennant, alitembea kilomita 40 hivi kwenda Bala kununua Biblia ya Kiwelisi kwa Thomas Charles, mhubiri aliyekuwa ameendeleza zile shule za kuhama. Alikuwa ameweka akiba miaka sita. Habari yake ilitumiwa kuwahamasisha watu waunde, mwaka 1804, shirika la Biblia la London ambalo kabla ya karne ya 19 kwisha lilichapa pia Biblia ya Kiswahili cha Unguja. Biblia aliyoinunua Mary inahifadhiwa Cambridge. Ndani yake ameandika kwa mkono wake tarehe aliyozaliwa, majina ya wazazi wake, mwaka alioinunua, na kwamba yeye ndiye mmiliki wa kweli wa kitabu hiki. Maneno hayo ameyaandika kwa Kiingereza.